Dawa ya gome ikiwa nyeusi, je, ndiyo kali?

Wanunuzi wengi wa dawa za miti pale soko la Majengo, Dodoma, hupima kwa macho: ikiwa nyeusi, ni kali. Nami niliamini hivyo mpaka siku nilipochemsha vipande vya gome lilelile la mgunga katika vyombo viwili. Kwenye sufuria ya alumini maji yakawa kama chai ya rangi. Kwenye kopo lililoota kutu yakawa meusi ti, kama wino. Magome ya mgunga yana tanini nyingi, kemikali ya asili ya mimea, na tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Kumbe tulikuwa tukisifia kutu.

"Kidonda kimekauka, kimepona," husema aliyepaka dawa ya gome. Hapa kwenye nchi ya wafugaji tusingepaswa kudanganyika. Tanini hushikana na protini za ngozi na kuzikaza; ndiyo maana magome ya miwati hutumika viwandani kugeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ya viatu, isioze. Kwenye mchubuko mdogo kukaza huko kunapunguza majimaji. Kwenye kidonda chenye usaha, juu panafunga gamba huku chini panaendelea kuchimbika.

Halafu kuna hii ya "mti hauna madhara". Mwaka 1925 Edward Davidson, daktari wa Detroit, Marekani, alianza kutibu majeraha ya moto kwa asidi ya tanini. Ilipendwa mno, hospitali nyingi zikaiga. Katika miaka ya 1940 ikaachwa: tanini ilikuwa ikipenya kwenye ngozi iliyoungua hadi kwenye damu, ikiumiza ini. Kwa hiyo mtoto akimwagikiwa uji wa moto, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Gome abaki nalo muuzaji.

Mapunye nayo hupakwa gome la mwarobaini lililosagwa, kwa kuwa jina lenyewe linaahidi kutibu magonjwa arobaini. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, ambako dawa ya kupaka haifiki vizuri. Mtoto anahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha mganga wa zahanati.

Na ngozi ikiwasha au kutoka malengelenge baada ya kupaka, utaambiwa "inatoa sumu". Haitoi chochote. Ngozi imeikataa hiyo dawa. Ioshe kwa maji mengi, usirudie kuipaka.