Je, wajua kwa nini Seattle iliacha mitambo yenye kutu katikati ya bustani ya watu?

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu aliyeko Marekani alinitumia picha ya bustani iliyo kando ya ziwa. Nyasi za kijani, kilima kimoja cha mviringo, mashua, na maghorofa ya mji ng'ambo ya maji. Katikati ya uzuri wote huo lilisimama jitu la chuma: minara iliyoliwa na kutu, mabomba mapana kuliko mlango wa nyumba, ngazi zisizopandisha mtu popote. Hatua chache tu kutoka hapo, familia moja ilikuwa imetandika kitambaa inakula.

Nikamjibu: "Kumbe hata huko hela ya kubomoa huwaishia?" Akacheka, nami nikaamini nimepatia. Nikaendelea kuwasimulia watu kwa muda mrefu kwamba Seattle ina bustani nusunusu, mradi uliokwama katikati, na tena wanautangaza kwa watalii. Nilikosea, na nilikosea vizuri, kwa sababu kila kipande cha maelezo yangu kilionekana kina mantiki.

Mahali penyewe panaitwa Gas Works Park, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Union. Ni rasi ndogo, ekari 19 na ushei. Mwaka 1903 wasanifu wa kampuni ya Olmsted walishauri jiji liichukue rasi hiyo iwe mahali pa kupumzikia, kwa vile inaona ziwa lote. Miaka mitatu baadaye pakawashwa kiwanda cha gesi. Kilifanya kazi tangu 1906 hadi 1956, gesi asilia ilipofika kwa bomba na kukiondolea kazi. Mwaka 1962 jiji likakubali kununua eneo hilo kwa dola milioni 1.34, likalipa kidogo kidogo hadi 1972.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Kwetu sisi chuma kinachooza hadharani husema jambo moja tu: mwenyewe kashindwa. Basi la abiria lililoota majani, matrekta yaliyopangwa nyuma ya ofisi yakisubiri spea, jengo lenye nondo zinazochungulia angani. Ukikulia kwenye picha hizo, huhitaji kuambiwa. Lakini ukikaa na historia ya Gas Works, dhana ya ukata inaanza kuvuja.

Kwanza, walibomoa. Sehemu kubwa ya kiwanda iliondolewa, ila minara na majengo machache yaliyochaguliwa moja moja ndiyo yaliyobaki. Aliyeishiwa hela hachagui. Huacha pale fedha zilipokatikia. Pili, mashine hazikuachwa tu zilivyo. Jengo la pampu na mitambo ya kukandamiza gesi liligeuzwa banda la michezo ya watoto, magurudumu na mabomba yake yakapakwa rangi kali nyekundu, njano na buluu, wazi kwa mtoto kupanda na kuparamia. Nyumba ya tanuri za mvuke ikawa banda la kulia chakula. Hiyo ni kazi, tena ya gharama.

Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, kuna suala la jina. Diwani Myrtle Edwards ndiye aliyelipigania sana eneo hili lipatikane, na alipofariki 1969 ilikusudiwa bustani ichukue jina lake. Mpango wa kuacha mitambo ulipojitokeza, familia yake iliomba jina hilo liondolewe. Hawakutaka mama yao akumbukwe kwa rundo la chuma chakavu. Mwaka 1976 jina lake likapewa bustani nyingine, ya kando ya bahari. Mtu hachukii hivyo kwa sababu fedha zimepungua. Huchukia uamuzi. Basi palikuwa na uamuzi, na palikuwa na waliokuwa upande wa pili.

Mwenye wazo alikuwa Richard Haag, msanifu wa mandhari aliyeanzisha idara ya fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Washington. Alipewa kazi mwaka 1970. Karibu kila mtu alitarajia angeleta mchoro wa kawaida: fagia kila kitu, mwaga udongo mpya, panda miti, weka mabenchi. Yeye akaenda kukaa na mahali penyewe, hata kulala huko, kisha akahitimisha kwamba rasi ile haina mti mkubwa wala mwamba wa kuvutia. Kitu pekee chenye sura pale ni minara.

Hapo ndipo neno "ushirikishwaji wa wananchi" linapochekesha kidogo. Tumezoea lije kwa sura ya mkutano wa hadhara: turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi, watu wanataja wanachotaka, karani anaandika. Kwa utaratibu huo minara ingeng'olewa mapema tu, maana kwa wakazi wengi kiwanda kile kilikuwa moshi, harufu na masizi kwenye nguo zilizoanikwa. Haag alifuata njia ya kuwaleta watu kwenye kitu chenyewe. Alifungua ofisi ndani ya karakana ya zamani ya mhunzi wa kiwanda, milango wazi, anayetaka kuuliza aje aulizie chini ya minara. Akazunguka na picha, akihutubia kundi baada ya kundi, akieleza mashine ile ilifanya nini na inaweza kuwa nini. Mwaka 1971 mpango wake ukapitishwa, na bustani ikafunguliwa kwa umma 1975.

Kwa hiyo anayesema "wananchi ndio walioomba mitambo ibaki" naye anatia chumvi. Wananchi walishawishiwa, kwa subira na kwa kutembezwa, na baraza la jiji likapitisha. Wala sisemi fedha haikuwa na neno lolote. Kuchimba na kusomba udongo wote mchafu wa rasi nzima kungekuwa mzigo mzito kwa jiji lolote. Ila kwenye suala la minara fedha ilikuwa msaidizi tu, dereva alikuwa mwingine.

Huo udongo ndio sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo isiyoonekana kwenye picha.

Ukitaka kuelewa uchafu wake, anzia kwenye tanuri la mkaa. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafukia kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaive kwa hewa haba. Anachotaka ni mkaa. Moshi anauachia uende zake. Kiwanda cha gesi kilifanya kinyume. Makaa ya mawe yalipashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa, na kilichotakiwa ni moshi wenyewe, kwa sababu ndani yake mna gesi inayowaka. Moshi ulipitishwa kwenye mabomba, ukapozwa, ukaoshwa, ukahifadhiwa, ukauzwa kwa ajili ya taa na majiko ya mjini. Kuanzia 1937 mafuta yalichukua nafasi ya makaa, na minara inayoonekana leo ni ya enzi hiyo ya mafuta, ingawa watalii huambiana kwamba ni ya makaa.

Sasa moshi ukiuosha, yale yanayotoka humo yanaenda wapi? Aliyewahi kugusa bati la juu ya jiko la kuni anaijua ile lami nyeusi inayonata. Zidisha bati hilo kwa nusu karne ya uzalishaji wa mji mzima, kisha acha ivuje ardhini.

Haag na washauri wake walipendekeza lami hiyo iliwe. Udongo wowote una bakteria, na baadhi yao wanaweza kula mafuta na kuyageuza kuwa maji na hewa ya ukaa. Swali ni kwa nini hawakuwa wameshamaliza kazi. Miaka yote hiyo walikuwa wapi?

Walikuwa na njaa mezani. Lami ni kaboni na haidrojeni karibu tupu, yaani ni ugali bila mboga. Mtu akila ugali mkavu siku nenda rudi atapata nguvu, ila mwili haujengeki. Bakteria naye anahitaji naitrojeni ili ajenge mwili na kuzaana, na udongo wa kiwanda haukuwa nayo ya kutosha. Mboga ikaletwa: tope la majitaka kutoka mitambo ya kusafisha maji ya vyooni, pamoja na mabaki ya mimea. Kitu ambacho jiji lilitafuta pa kukitupa kikawa kitoweo.

Kisha hewa. Bakteria hawa wanaokula mafuta kwa kasi wanahitaji oksijeni, na udongo ulioshindiliwa kwa lami haupumui. Kwa hiyo tope na mabaki yale yalilimwa ndani ya ardhi, udongo ukageuzwa na kugeuzwa tena. Mkulima yeyote anayepindua lundo la mboji kwa uma anafanya jambo hilohilo, na anajua asipopindua litanuka badala ya kuiva. Baada ya hapo ni joto na subira.

Lakini kuna mipaka, na ndipo hadithi nzuri ya "vijidudu vilisafisha kila kitu" inapochakaa. Bakteria ni kibogoyo. Hana meno, hawezi kutafuna kipande cha lami. Anakunywa mchuzi tu, yaani kile kilichoyeyuka kwenye maji yanayomzunguka. Molekuli ndogo za mafuta huyeyuka kiasi, naye huzinywa. Zile kubwa, zilizojengwa kwa pete nne au tano za kaboni zilizoshikana, haziyeyuki karibu kabisa. Ni mfupa uliotupwa mbele ya kibogoyo: chakula kipo, na njaa ipo. Bahati mbaya baadhi ya hizo zenye pete nyingi ndizo zinazoogopwa zaidi kwa kusababisha saratani.

Basi njia ya pili ikawa kufukia. Kile kilima cha mviringo kwenye picha, ambacho nilikichukulia kuwa cha asili, ni kifusi cha misingi ya kiwanda kilichorundikwa na kufunikwa udongo safi. Watoto hupanda juu yake kurusha tiara, au kishada kama wasemavyo wengine. Kileleni kuna saa ya jua ambayo haina mshale: unasimama mahali palipoonyeshwa, na kivuli chako ndicho kinachosoma saa. Kuweka saa ya aina hiyo katika mji unaosifika kwa mawingu ni ujasiri wa aina yake.

Mwaka 1984 vipimo vilionyesha sumu bado ipo kwenye udongo wa juu, na bustani ikafungwa kwa muda. Ilifunguliwa tena, na sehemu kadhaa zikaongezewa udongo safi juu. Baadaye ikaonekana pia kwamba benzini (kemikali yenye sumu, si petroli) imezama hadi kwenye maji ya ardhini upande wa kusini mashariki. Dawa ikawa kupuliza hewa chini kwa mabomba, ili benzini, ambayo huruka upesi, ipande na ile hewa na kuvutwa juu. Utagundua ni uma uleule wa mboji, safari hii ukiwa mrefu zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa kama njia ya Haag ilifaulu, jibu la haki ni kwamba ilipunguza na ikatengeneza mahali pa watu kukaa, huku kazi ikiendelea chini ya miguu yao. Haag mwenyewe aliishi hadi 2018, na miaka mitano kabla ya hapo aliiona bustani yake ikiingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mitambo iliyoonekana aibu ndiyo sasa inayolindwa kisheria.

Rudi sasa kwenye ile picha. Siku niliyoikuza kwenye simu nikaona jambo lililonipita mwanzo: mchana wa kiangazi, watu wamejaa kwenye nyasi, na hakuna hata mmoja majini. Mwenyewe nilidhani ni baridi. Kumbe kuna mabango yanayokataza kuogelea na hata kutumbukiza miguu, kwa sababu lami ilitiririka hadi ziwani na kutulia kwenye tope la chini. Huko nako bakteria wapo, na chakula kipo tele. Lakini tope la chini ya ziwa halina hewa, wala hakuna jembe la kuligeuza bila kuutibua uchafu wote na kuusambaza kwenye maji.