Siku 30 za aliyeachishwa kazi hazingoji huruma ya mwajiri

Kila inapokaribia Mei Mosi, sisi tunaoshughulikia migogoro ya kazi hupokea watu wengi wenye madai ya msingi, ila wamechelewa. Mtu anaingia na bahasha iliyojaa vielelezo: mkataba, hati za mishahara, barua ya kuachishwa kazi. Ukitazama tarehe ya barua, imepita miezi minne. Inauma, maana karatasi zenyewe zinaonyesha kuwa mwajiri alikuwa na maswali ya kujibu.

Kwa Tanzania Bara, Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 64, zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Siku ya kwanza haihesabiwi. Ya mwisho inahesabiwa, isipokuwa ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu. Hesabu huanza siku ulipoachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha uamuzi wake. Haianzi siku uliporudisha kitambulisho, wala siku meneja utumishi alipoacha kupokea simu zako.

Wengi hawapotezi siku hizi kwa uvivu. Wanazipoteza kwa matumaini. Bosi kasema nivute subira. Nikishtaki watazuia stahiki zangu. Tumelelewa tukiambiwa subira huvuta heri, na kwa mambo ya nyumbani ni mafundisho mema. Lakini mahakama zetu zimekwisha kusema, tena zaidi ya mara moja, kwamba mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda. Barua kwa Mkuu wa Wilaya haisimamishi. Kumlalamikia mbunge hakusimamishi. Tafadhali tuache kudanganyana vijiweni.

Tena hulazimiki kuchagua kati ya kuzungumza na kufungua shauri. Hatua ya kwanza ndani ya Tume ni usuluhishi, na usuluhishi ni mazungumzo yaleyale, ila sasa yana msuluhishi na yana siku 30 za kukamilika, labda pande zote zikubali kuongeza. Mwajiri mwenye nia njema atamaliza jambo hapo mezani. Asiye na nia njema ndiye anayefaidika ukiendelea kungoja.

Jaza fomu CMA F1. Anayelalamikia kuachishwa kazi ajaze na Sehemu B, ambayo wengi huiruka. Weka sahihi. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, upate sahihi au muhuri wa kupokelewa, ndipo uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Unaweza kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au wakili. Ukiitwa, fika. Mlalamikaji asipofika kwenye usuluhishi, malalamiko yanaweza kufutwa. Mwajiri asipofika, yanaweza kuamuliwa bila yeye.

Aliyechelewa huwasilisha maombi ya kuongezewa muda pamoja na fomu ya mgogoro. Tume hupima amechelewa kiasi gani, kwa sababu gani, ana uwezekano gani wa kushinda, na upande wa pili utaathirika vipi. Katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliweka wazi kwamba mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa. Chote. Ukisema uliumwa wiki mbili, leta karatasi za hospitali, kisha ueleze wiki ya tatu ulikuwa wapi. "Sikujua sheria" haitakusaidia.

Ushauri wangu ni huu: siku unayopokea barua, andika juu yake tarehe uliyoipokea na tarehe ambayo siku 30 zinaisha. Zungumza na mwajiri kwa heshima. Ikifika siku ya kumi hujapata makubaliano ya maandishi, fomu iende. Na aliyekwisha kupewa tuzo, yaani uamuzi wa Tume, asiridhike nayo, ana wiki sita tangu alipokabidhiwa kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Naye asianze kuhesabu siku alipompata wakili.