Franciacorta ya zawadi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye harusi zetu kila chupa yenye mapovu ni shampeni, hata iwe ya juisi ya zabibu. Kwa hiyo mtu akipewa zawadi ya Franciacorta, mvinyo wa mapovu kutoka Italia, swali la kwanza ni hili: "Hii ndiyo shampeni ya Italia?"

Hapana. Jina la shampeni ni mali ya eneo moja la Ufaransa na linalindwa kisheria Ulaya nzima. Franciacorta inatoka kwenye vilima vya kusini mwa ziwa Iseo, karibu na Brescia, jimbo la Lombardia. Zinafanana njia tu: mvinyo unachachuka mara ya pili ndani ya chupa ileile utakayoifungua wewe.

Wengine husema basi ni Prosecco iliyopandishwa bei. Hili linaniuma, maana linafuta kazi ya watu. Prosecco ni ya zabibu za Glera, na mapovu yake kwa kawaida hupatikana kwenye matangi makubwa ya chuma, kazi ya wiki chache. Franciacorta hutegemea zaidi zabibu za Chardonnay na Pinot Nero. Mvinyo hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari, kisha chupa hulazwa gizani kwenye ubaridi. Hamira ikimaliza kazi hufa na kubaki mle kama mashapo, na hayo ndiyo yanayoleta ile harufu ya mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Sheria inataka mvinyo ukae na mashapo hayo miezi 18 kwa uchache, 24 kwa Satèn (ya zabibu nyeupe tupu) na Rosé (ya rangi ya waridi), 30 kwa chupa yenye mwaka wa mavuno, 60 kwa Riserva, ile inayolazwa muda mrefu kuliko zote. Unaponunua, unalipia miezi hiyo.

Eti ni kinywaji cha karne na karne? Mashamba ya zabibu ya huko ni ya zamani, lakini Franciacorta hii ya mapovu ilianza mwaka 1961, Franco Ziliani alipotengeneza chupa 3,000 katika nyumba ya Guido Berlucchi. Daraja la juu la mvinyo wa Italia, DOCG, ililipata mwaka 1995.

Kosa linaloharibu zawadi nyingi liko kwenye lebo. "Extra Dry" inasikika kama kavu kabisa, yaani isiyo na utamu, kumbe ina sukari zaidi kuliko ile iliyoandikwa Brut: gramu 12 hadi 17 kwa lita, wakati Brut haifiki 12. Unayempa akipenda utamu, tafuta Demi-Sec. Kama humjui vizuri, mimi ningechukua Satèn: ni ya zabibu nyeupe tupu, na mgandamizo wake ni mdogo, kwa hiyo mapovu ni laini mdomoni. Ila uliza kwanza kama anakunywa pombe. Asiyekunywa kwa imani yake, mtafutie kitu kingine kabisa.

Nyingi huuzwa zikiwa tayari kunywewa, kwa hiyo kuiweka miaka juu ya kabati sebuleni hakuiongezei kitu. Joto na mwanga vinaiua. Nyuma ya chupa nyingi kuna neno "sboccatura" na tarehe: ndiyo siku mashapo yalipotolewa. Chagua ya karibuni.

Na kizibo hakipaswi kulipuka. Ndani mna mgandamizo unaozidi mara mbili upepo wa tairi la gari dogo. Ipoze vizuri, iinamishe kidogo mbali na watu, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa. Kitatoka kwa pumzi ndogo tu, na mvinyo wote ubaki chupani.