Plagini ikikataa kufunguka, usikimbilie kuifuta

Jumamosi moja, saa tatu usiku, simu iliingia kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi. Alikuwa prodyusa kijana ambaye nimemtengenezea kompyuta mara mbili tatu. "Mzee, hii kitu imekataa kabisa." Kitu chenyewe kilikuwa plagini ya mwangwi, yaani kiongezo cha kuwekwa ndani ya programu ya muziki ili kuipa sauti mwangwi, aliyoinunua asubuhi hiyo. Kila akiibofya, programu nzima ya muziki ilizimika bila hata kuaga. Kesho yake, baada ya ibada, kwaya ilikuwa inakuja kuweka sauti.

Nikamuuliza amejaribu nini. "Nimeifuta nikaiweka tena. Mara tano."

Mara tano! Na kila mara anaipakua upya, bando likiliwa. Hapo ndipo ninapogombana na maprodyusa wengi wa jiji hili. Plagini ikikataa, mkono wa kwanza unaenda kwenye kufuta. Ukifuta, umefuta na ushahidi, na chanzo cha tatizo mara nyingi hakimo ndani ya plagini hata kidogo.

Swali ninaloanza nalo ni moja: imekataa vipi? Haionekani kwenye orodha? Inaonekana lakini ukiigusa inaleta ujumbe wa kosa au inaangusha programu? Au inafunguka vizuri, ila kimya? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na isiyoonekana, kwa sababu ndiyo rahisi. Plagini si programu inayojitegemea. Ni faili linaloalikwa ndani ya programu nyingine, na mwenyeji ana lugha yake. Kampuni ya Steinberg walileta lugha iitwayo VST mwaka 1996, wakaleta VST3 mwaka 2008. Apple wana yao, AU. Kati ya programu za muziki, Pro Tools husoma lugha ya AAX peke yake, na Logic husoma AU peke yake. Kwa hiyo ukimpa mwenye Logic faili la VST3, hata programu ikiskani, yaani ikitafuta plagini zilizopo, mpaka asubuhi halitatokea. Wakati wa kusakinisha, kile kidirisha chenye visanduku vya kuweka tiki, ambacho wengi hukipita wakibofya "Next, Next", ndicho kinachouliza unataka aina gani. Kisome.

Kisha folda. VST3 ina makao maalumu. Kwenye Windows ni C:\Program Files\Common Files\VST3, na kwenye Mac ni /Library/Audio/Plug-Ins/VST3. Ile VST ya zamani haina adabu hiyo kwenye Windows. Kila mtengenezaji huiweka anapotaka, nawe lazima uionyeshe programu yako folda hiyo. Nimeshawahi kukuta kompyuta moja ina folda nne za VST, moja ikiwa ndani ya Downloads.

Halafu kuna suala la biti, na sisemi biti za ngoma, bali ukubwa wa data ambao programu hushika kwa mkupuo. Programu ya biti 64 haiwezi kubeba plagini ya biti 32 bila daraja katikati, yaani programu ya kuzipatanisha. FL Studio ina daraja lake la ndani. Ableton Live iliachana na biti 32 kuanzia toleo la 10, na Cubase kuanzia la 9. Kama plagini yako ya kupendwa ni ya enzi za Windows XP, na mtengenezaji wake aliacha kuishughulikia, itafutie mrithi. Madaraja ya kununua yapo, lakini kwa maoni yangu ni sawa na kufunga mlango kwa kamba ya katani.

Jambo moja linalosahaulika: programu huweka kinyongo. Plagini ikiiangusha mara moja wakati wa kuskani, inaandikwa kwenye orodha ya wakorofi na haiguswi tena, hata ukishairekebisha. Kwenye FL Studio, nenda kwenye kidhibiti cha plagini uchague kuskani upya zile zenye makosa. Kwenye Reaper, futa kumbukumbu ya plagini (cache) kisha uskani. Kwenye Live, shikilia kitufe cha Alt unapobofya Rescan, la sivyo itapitia mpya tu. Watu wawili kati ya watatu wanaonijia na tatizo la kwanza huondoka hapa bila kulipa, labda chai.

Sasa ugonjwa wa pili, ule wa kijana wa Umoja.

Windows huandika kila kifo cha programu katika daftari lake liitwalo Event Viewer. Nilimwambia alitafute kwa jina, afungue Windows Logs, kisha Application, atafute mstari wa juu wenye alama nyekundu. Akanitumia picha kwa WhatsApp, imepigwa kwa simu, mwanga wa balbu ukimeremeta katikati ya skrini. Lakini mistari miwili ilisomeka. Wa kwanza ulitaja moduli iliyosababisha kosa, nayo ilikuwa ileile plagini ya mwangwi. Wa pili ulikuwa na msimbo: 0xc000001d.

Ukiona 0xc0000005, plagini imegusa kumbukumbu isiyo yake. Hapo sababu zinaweza kuwa kumi, na itabidi uanze kuchambua. Lakini ile yenye 1d mwishoni inasema jambo moja: prosesa imepewa amri isiyoijua. Nikamuuliza, "Laptopu yako ni prosesa gani?" Akasoma kibandiko karibu na kibodi: Celeron, ile prosesa ya Intel ya bei nafuu.

Basi. Plagini nyingi za sasa zinaandikwa kwa amri zinazoitwa AVX, zilizoingia kwenye prosesa za Intel na AMD mwaka 2011. Mtu akisikia 2011 anapumua, kwa sababu laptopu yake si ya zamani hivyo. Lakini Intel waliendelea kwa miaka mingi kutoa Celeron na Pentium zisizo na AVX. Laptopu inaweza kuwa inang'aa, imetoka Uingereza ikiwa safi, imenunuliwa mjini kwa bei ya kueleweka, na bado amri hizo hazimo ndani yake. Ungeisakinisha plagini ile mara mia, isingefunguka. Ukurasa wa mtengenezaji ulikuwa umeandika AVX kwa herufi ndogo, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu hufika.

Si kila ugonjwa wa pili ni huo, bila shaka. Ujumbe ukisema VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo, inakosekana ile furushi ya Visual C++ ambayo Microsoft hutoa bure. Ipakue, isakinishe, washa upya kompyuta. Na kama faili la plagini lenyewe limetoweka kwenye folda, angalia karantini ya antivairasi, pale inapofungia mafaili inayoyashuku, kabla ya kumlaumu mtengenezaji.

Hapo nitaulizwa kuhusu plagini za kraki, zile zilizovunjwa leseni. Mimi sizishughulikii. Antivairasi ikikata faili lililokwisha kuchezewa na mtu usiyemjua, siwezi kukuambia imekosea. Plagini za halali za bure zipo: Surge XT ni bure, Valhalla Supermassive ni bure, na zote zinasikika vizuri kuliko mtu anavyotegemea kitu cha bure kusikika.

Programu ikianguka wakati wa kuskani na daftari halisaidii, tumia njia ya kugawa nusu. Hamisha nusu ya plagini kwenye folda nyingine, skani. Ikipita, mkorofi yuko kwenye nusu uliyotoa. Isipopita, yuko kwenye iliyobaki. Gawa tena. Plagini 120 zinakwisha kwa raundi saba. Usiliamini sana jina la mwisho lililoonekana kwenye skrini kabla ya kuanguka, kwani mara nyingine aliyesimama karibu na maiti si muuaji.

Ugonjwa wa tatu, ule wa plagini kufunguka ikiwa kimya, huwa ni leseni au diski. Sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa ambazo plagini huzitumia, ziko kwenye diski ya nje ambayo Windows iliipa herufi D, leo umechomeka flashi kwanza, diski imekuwa E, na piano yako haina nyuzi. Rudisha herufi kwenye Disk Management. Kinyume chake, dirisha la plagini likiwa jeusi huku sauti inatoka, sasisha draiva ya skrini.

Wenye Mac, kifupi: tangu mfumo wa macOS Catalina wa 2019 biti 32 hazipo tena. Na kama Mac yako ina prosesa ya Apple ya M1 kwenda mbele, plagini ya zamani ya Intel inaweza kuhitaji uifungue programu ya muziki kupitia Rosetta, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel.

Kijana tulimrudisha kwenye toleo la nyuma la plagini ileile, ambalo mtengenezaji bado alikuwa nalo kwenye akaunti yake ya wateja. Lilifunguka saa nne na nusu usiku. Kwaya ilifika saa nane mchana, stima ikapotea saa nane na dakika kumi, na hiyo sina msimbo wake.