Je, wajua kwa nini jarida lililofunguka mwezi uliopita leo linakudai hela, na maktaba ya chuo inatakiwa ikwambieje?

Hili swali linakuja sana hasa Januari. Mtu ameingia kwenye ukurasa wa maktaba, kabonyeza jarida lile lile alilokuwa analisoma Novemba, na badala ya makala anakutana na kitufe cha kununua, dola thelathini na kitu kwa makala moja ya kurasa kumi. Wengi wanadhani ni mtandao. Wanarestati simu, wanabadilisha brauza, wanaunga bando lingine, mwisho wanaacha na kuandika proposal bila hiyo makala. Kumbe mtandao wala hauna shida, kilichobadilika ni mkataba na hakuna aliyewaambia.

Tuanze na mkataba maana ndio mzizi wa yote. Kitabu cha karatasi maktaba ikishakinunua ni mali yake. Yale makabati ya maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lile jengo lililofunguliwa 2018, kitabu kikiwekwa pale hakuna mchapishaji atakayekuja usiku kukichukua. Majarida na vitabu vya kielektroniki sehemu kubwa ni kama chumba cha kupanga, unalipa kodi ya mwaka unakaa, kodi ikiisha bila kulipwa mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Na mikataba mingi ya majarida inahesabiwa kwa mwaka wa kalenda, inaisha Desemba 31. Ndiyo maana Januari ni mwezi wa malalamiko.

Bei zenyewe zinapangwa kwa dola, wakati chuo bajeti yake ni shilingi, kwa hiyo shilingi ikishuka maktaba inaweza kujikuta inalipa zaidi kwa kitu kile kile au inapunguza. Ndio sababu vyuo vyetu vinaungana kujadili bei kwa pamoja, Tanzania kuna COTUL, Kenya kuna KLISC, Uganda kuna CUUL. Kuungana kunasaidia sana ila nako kuna matokeo yake, umoja ukibadilisha kifurushi, vyuo vingi vinaguswa siku moja.

Halafu kuna mipango ya kusaidia nchi zenye kipato kidogo. Research4Life ndio mkubwa, ulianza 2002 na Hinari ya mambo ya afya, ikafuata AGORA ya kilimo 2003, na nyingine baadaye. Huko nchi zinagawanywa makundi, kuna zinazopata bure na kuna zinazolipa kidogo, na wanaopanga makundi wanaangalia mambo kama kipato cha nchi. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Kenya iliingia kundi la kipato cha kati cha chini Julai 2015, Tanzania Julai 2020. Ni habari njema kwa nchi, lakini mkutubi anayejua kazi yake akisikia habari hiyo anaenda haraka kuangalia orodha ya majarida ya chuo chake, maana siku nchi ikihamishwa kundi masharti nayo yanaweza kubadilika. Na hata nchi isipohama kundi, mchapishaji mwenyewe anaweza kujitoa. Januari 2011 wachapishaji wakubwa waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kwenye Hinari kwa upande wa Bangladesh, watafiti wakapiga kelele mpaka kwenye majarida ya kitabibu ya Uingereza na wachapishaji wakarudisha. Fikiria daktari aliyekuwa katikati ya utafiti wiki ile.

Sasa siyo kila kugoma ni hela. Kuna mambo ya ufundi ambayo yakielezwa mtu anaelewa mara moja, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo watu wengi wanapopotelea.

Ukiwa chuoni unatumia wifi ya chuo, tovuti ya mchapishaji haikujui kwa jina. Inaangalia namba ya IP tu, yaani namba ya mtandao wa chuo, ikiikuta kwenye orodha ya waliolipa inakufungulia. Ukiwa hosteli ya mtaani au nyumbani na bando lako, namba inayoonekana ni ya kampuni ya simu. Ndio maana maktaba inaweka mfumo wa katikati, wenyewe tunauita proksi, unalogin kwa namba yako ya usajili na paswedi halafu ule mfumo unaenda kwa mchapishaji kwa niaba yako kwa kutumia namba ya chuo. EZproxy, ambayo ni maarufu sana kwa kazi hiyo, ipo tangu 1999. Basi mchapishaji akihamishia tovuti yake kwenye anwani mpya na proksi haijarekebishwa, aliyekaa ndani ya maktaba anafungua vizuri kabisa na aliyeko nyumbani anagoma, jarida moja, siku moja, saa moja. Hapo wawili wakikutana kila mmoja anamuona mwenzake muongo.

Kuna majarida yanayohama. Jarida la chama fulani cha wanasayansi linaweza kuwa chini ya kampuni moja mpaka Desemba, Januari likawa chini ya kampuni nyingine ambayo chuo hakina mkataba nayo. Kuna na zile zenye muda wa kusubiri, kwa mfano JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida iliyoanzishwa 1995, majarida mengi pale hayakupi matoleo mapya kabisa, unasubiri miaka mitatu mpaka mitano hivi. Mtu anaona 2020 inafunguka na 2024 haipo anasema maktaba imekata, wakati haikuwahi kuwepo.

Na kuna kufungiwa. Mtu mmoja akiweka programu ya kushusha makala mia mia kwa mkupuo, mchapishaji anaona dalili ya wizi na anaweza kuzuia chuo kizima. Oktoba 2010 JSTOR ilifungia MIT, chuo kikubwa cha Marekani, yote kwa siku kadhaa kwa sababu ya upakuaji wa namna hiyo. Chuo chote, maprofesa na wanafunzi ambao hawakujua lolote.

Mengine ni ya nchi nzima. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na majirani. Siku kama hiyo tangazo la maktaba ni sentensi moja tu, kwamba tatizo ni nyaya, majarida yenu yapo. Sentensi hiyo ingewaokoa watu wengi waliokaa wanabadilisha paswedi.

Ukiangalia hayo yote unaona kwamba kutoa taarifa ni sehemu ya huduma yenyewe. Mkataba ni wa kupanga, vitu vinahama, kwa hiyo maktaba isiyosema inamfanya msomaji ajilaumu au aamini kwamba maktaba haina kitu. Hili linaniuma kweli, kwa sababu hela inakuwa imelipwa kwa mamilioni na bado kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeamini chuo chake hakina majarida, kisa alijaribu mara mbili yakagoma na hakukuwa na neno.

Mfano mzuri wa kujulisha ni Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi 10. Februari 2019 kilitangaza wazi kwamba mazungumzo na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, yamevunjika, na watu wakaelezwa mapema nini kitabaki na nini kitaondoka: makala nyingi za mpaka 2018 zitaendelea kufunguka kwa sababu haki yake ilishanunuliwa, za 2019 na kuendelea ndizo zitaguswa, na njia mbadala ni hizi na hizi. Elsevier walipofunga kweli, Julai mwaka huo, watu walikuwa wameshajua cha kufanya. Makubaliano mapya yalikuja Machi 2021. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila majarida mapya ya mchapishaji mkubwa hivyo, na utafiti haukusimama.

Mfano wa kinyume chake ni mchapishaji Wiley, mwisho wa Agosti 2022. Vitabu 1,379 vya kielektroniki viliondolewa kwenye mkusanyiko mmoja mkubwa wa ProQuest, kampuni inayozipa maktaba vitabu vya kielektroniki, wakati muhula ndio unaanza Marekani, wahadhiri wameshaviweka kwenye orodha za kusoma, wanafunzi wameshaambiwa wasinunue kwa sababu vipo maktaba. Wakutubi walipiga kelele na Oktoba vikarudishwa kwa muda, mpaka Juni 2023. Hapo wakutubi nao walikuwa waathirika, lakini mwanafunzi anayemuona ni mkutubi wake, siyo Wiley.

Sasa tangazo lenyewe. Matangazo mengi yameandikwa hivi: "Wapendwa watumiaji, mnajulishwa kuwa kutokana na mabadiliko ya leseni baadhi ya rasilimali za kielektroniki hazitapatikana hadi taarifa nyingine itakapotolewa. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Soma tena. Rasilimali zipi? Kuanzia lini? Mimi wa famasia inanihusu? Nifanye nini leo usiku maana kesho nawasilisha? Hakuna jibu hata moja. Afadhali hivi: "Kuanzia Januari 1 majarida ya mchapishaji fulani hayatakuwa na matoleo mapya. Matoleo ya 2005 mpaka mwaka jana yataendelea kufunguka. Wanaoguswa zaidi ni famasia na uuguzi, orodha ya majarida 14 iko kwenye linki hii. Ukihitaji makala mpya tutumie kichwa cha makala kwa WhatsApp ya maktaba, tutaitafuta kwa njia nyingine. Tutawaambia tena Februari 15 mazungumzo yamefika wapi." Ni ndefu kidogo ila mtu akimaliza kusoma anajua cha kufanya. Na ile tarehe ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu "hadi taarifa nyingine" watu wameshazoea kwamba haiji.

Wapi pa kuweka? Maktaba nyingi zinaweka kwenye ubao wa matangazo mlangoni au kwenye habari za tovuti, lakini anayetumia jarida la kielektroniki mara nyingi haji mlangoni, ndiyo maana ya kielektroniki. Tangazo linatakiwa likae pale pale mtu anapobonyeza: kwenye orodha ya A mpaka Z pembeni ya jina la jarida, kwenye katalogi, na kwenye ukurasa wa kulogin wa proksi. Mtu akifika akakuta "hili lina hitilafu tangu jana, tunalishughulikia" hahangaiki tena na paswedi.

Imeili za chuo wanafunzi wengi hawafungui. Huku kwetu habari inakwenda kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa. Mkutubi akiwa na namba za maCR wa kitivo na akatuma ujumbe mfupi, jioni iko kwenye magrupu yote ya darasa, kwa hiyo ujumbe uandikwe ukijua utaforwadiwa, jina la maktaba na tarehe viwemo ndani yake, la sivyo mwakani mtu ataukuta na kudhani ni wa leo. Wahadhiri watumiwe wao peke yao na mapema, kabla hawajatoa kozi autlaini, kwa sababu wao ndio wanaopanga watu wasome nini.

Na jambo ambalo nadhani halitiliwi maanani: usimtumie kila mtu kila kitu. Maktaba inapata ripoti za matumizi kwa mfumo wa COUNTER, zinazoonyesha kila jarida limefunguliwa mara ngapi. Hazitaji nani kasoma, ila jarida la samaki likiwa linafunguliwa sana unajua idara ya kuiambia kwanza. Ukiwatumia wanasheria habari za majarida ya samaki kila mwezi, siku ya habari yao hawatasoma. Halafu kitu kikirudi, sema kimerudi. Maktaba zinatangaza kukatika zinasahau kutangaza kurudi, na jarida linakaa miezi limelipiwa bila mtu kuligusa.

Upande wako msomaji, likigoma usiseme tu "majarida hayafunguki". Piga skrinshoti yenye ujumbe wa kosa, kopi linki nzima, andika saa, sema ulikuwa wifi ya chuo au bando, na kama ulipitia ukurasa wa maktaba au Google. Kwa hayo mkutubi anaweza kujua kama ni proksi, mkataba au kufungiwa bila kukuuliza maswali kumi. Wakati unasubiri, jaribu Unpaywall, inaongezwa kwenye brauza na inakutafutia nakala halali ya bure. Angalia hazina ya kidijitali ya chuo cha mwandishi, angalia AJOL kwa majarida ya Afrika, ipo tangu 1998 na mengi pale yanasomeka bure. Ikishindikana, muandikie mwandishi mwenyewe imeili fupi ya heshima ukitaja makala unayoitaka, wengi wanatuma.