Lete tawi lenye ganda

Sisi tunaotambua miti, mtu akituletea jani moja kwenye mfuko wa nailoni na kuuliza ni la mti gani, mara nyingi tunamwomba arudi porini. Tunajua ni usumbufu. Lakini katika misitu ya miombo, kama ile ya Chunya, miti mingi mikubwa ni ya jamii moja tu, jamii ya mikunde, ndugu wa maharage yetu ya shambani. Ndugu hufanana, na jina la kienyeji peke yake halitoshi: myombo wa kijiji hiki waweza kuwa mti mwingine kabisa kijiji cha pili.

Ganda, yaani lile linalobeba mbegu, ndilo lisemalo zaidi. La mninga ni duara, limezungukwa na ubawa mpana, na katikati limejaa miiba. La mpingo ni bapa na jepesi kama karatasi. La mkongo ni gumu, na mbegu zake nyeusi zimevaa kofia nyekundu.

Ganda likikosekana, shika jani zima pamoja na kikonyo chake, uangalie ncha. Jani la mninga huishia na kijijani (jani dogo katika hilo jani zima) kimoja peke yake. Ya miombo yenyewe, miti inayoupa msitu jina, huishia na jozi ya vijijani. Kisha tafuta jozi iliyo kubwa kuliko zote. Ikiwa ni ya nchani, na jozi zote ni kama nne, yaelekea ni myombo uitwao kitaalamu Brachystegia spiciformis. Ikiwa ni ya katikati, fikiria Julbernardia globiflora. Jozi zikiwa nyingi, nyembamba, na jani linaning'inia, huyo ni Brachystegia boehmii. Mimi naiamini alama hii kuliko gome, maana gome hubadilika kwa umri na moto.

Majina ya kitaalamu nayo hubadilika. Mwaka 2017 jamii hii ya mikunde, yenye spishi takriban 19,500, iligawanywa upya katika makundi sita badala ya matatu, kwa ushahidi wa vinasaba. Migunga yetu, iliyokuwa ikiitwa Acacia, sasa ni Vachellia na Senegalia. Jina Acacia limebaki kwa ndugu zao wa Australia, wakiwemo miwati ya Njombe.

Basi kata tawi la urefu wa futi moja, lenye majani na ua au ganda, ulibane katikati ya magazeti makavu. Andika mahali, tarehe na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea likikauka. Andika pia jina walilokutajia wenyeji, na kama ni la Kihehe, Kisafwa au Kibena.