Kabla ya Marumaru Mpya, Tafuta Maji Yanakotoka

Kabati la nguo likisogezwa chumbani, ukuta wa nyuma unakutwa umeota ukungu mweusi na rangi imevimba kama malengelenge. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Fundi anakwangua, anapiga skimu, anapaka rangi. Masika ya Dar es Salaam hayajaisha, doa limerudi palepale.

Sisi wakaguzi wa majengo tunaanza na maji, ukungu baadaye. Funga koki zote, pamoja na ile ya tangi la choo, andika namba za mita, usubiri saa moja. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja. Kama nyumba inatumia maji ya simtanki, mita haitakuambia mengi. Weka alama kwenye kina cha maji ya tangi, uone kama kinashuka. Pasipoonekana kitu, ziba tundu la maji machafu, jaza sakafu ya bafu maji ya sentimita mbili tatu, urudi kesho. Kina kikishuka sana, sakafu ndiyo inayopitisha.

Unga mweupe ukutani usikutishe kama ukungu. Ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu, nayo ukiilowesha huyeyuka. Hata hivyo, maji yapo.

Marumaru gonga kwa mpini wa bisibisi. Zinazolia kwa mvumo wa utupu zimeachana na ukuta. Zitoe, na lipu iliyolegea ibomolewe hadi kwenye tofali. Dari ya jipsamu iliyoota ukungu itupwe tu, maana karatasi yake ni chakula cha ukungu. Tofali husuguliwa kwa sabuni na maji. Nyunyizia maji kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, fungua dirisha, na mwenye pumu akae mbali. Jiki usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo: hutoka gesi ya klorini, na bafu dogo likiwa limefungwa, mapafu yanaungua.

Kisha subiri. Hapa ndipo wateja na mafundi wanapogombana, na mimi huwa upande wa anayesubiri. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku nzima. Matone yakionekana upande wa ukutani, bado. Pwani, ukuta uliokunywa maji kwa miaka huweza kuchukua wiki kadhaa kukauka.

Marumaru na saruji ya maungio yake hazizuii maji. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa chini yake, mikono miwili, yaani tabaka mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, ukisisitiza pembeni na kuzunguka mabomba, na kwenye shawa ipande hadi usawa wa kichwa cha bomba. Ikikauka, jaza tena sakafu maji kwa saa 24 kabla fundi hajabandika marumaru hata moja. Kama ni ghorofa, shuka ngazi ukaangalie dari ya jirani wa chini.